Mahameli ya Mwalimu Pazia

Mkasi mkubwa wa Fundi haukuwa chombo cha kuguswa na kila mtu. Ulikuwa mzito, wa chuma kitupu, na katika nyumba ile ilijulikana kwamba heri uvunje sahani zote kuliko kuutumia kukatia karatasi. Hata mume wake, dereva wa lori, mtu wa masihara asiyeogopa trafiki wala mvua, akitaka kukata kamba alikwenda jikoni kutafuta kisu. Kwa hiyo Jumamosi ile Fundi alipoutoa mkasi kwenye msumari wake, akaupangusa kwa upindo wa gauni lake na kumkabidhi Twiga, mtoto wa ndugu yake, yule binti wa kumzaa mwenyewe, aliyekuwa ameketi mlangoni akishona vifungo, alijiona kama aliyemwagiwa maji baridi mbele za watu.

Binti huyo aliitwa Kifungo. Jina lilimganda tangu utotoni, siku alipomeza kifungo cha koti la mteja na nyumba nzima ikakaa kusubiri kitoke, maana kilikuwa cha shaba na mteja alikuwa mkorofi. Sasa alikuwa kidato cha tatu. Twiga alimzidi miezi michache ya umri na kichwa kizima cha kimo. Alikuwa mtoto wa mdogo wake Fundi, aliyekwenda kufanya kazi nchi za mbali, simu zake zikawa za kila wiki, zikawa za kila mwezi, kisha zikawa za sikukuu tu. Wasichana hao walilala chumba kimoja, walisoma darasa moja na wote wawili walimwita Fundi mama. Hapo ndipo Kifungo alipokuwa akichomwa zaidi. Zamani Twiga alisema "mama mkubwa". Siku moja neno "mkubwa" lilidondoka njiani, na hakuna mtu aliyehangaika kuliokota.

"Mama, na mimi?" Kifungo aliuliza.

"Na wewe nini?"

"Mkasi. Mimi nimekaa hapa na sindano tangu nizaliwe."

Fundi alicheka. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma. "Wewe mwanangu mkono wako unasimamasimama. Mwenzio akianza amemaliza. Wewe unakata kama mtu anayetafuta miwani yake gizani."

Twiga naye alicheka, kidogo tu, mkono mdomoni. Kifungo akacheka pia, kicheko cha meno, akaingiza sindano kwenye kitambaa na kujichoma kidole. Alikinyonya kidole kile huku akimtazama binamu yake akikunjua kitambaa mezani kwa mikono yake mirefu, na moyoni alisema: mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu amekuja mwenyeji augue.

Shule yao ilikuwa ya kutwa. Kengele ya mwisho ikilia, kila mwanafunzi alikuwa na kwake. Kulikuwa na mvulana aliyepuliza tarumbeta kwenye bendi ya mazishi, na mwingine aliyeziba pancha kwenye gereji ya shemeji yake, akaja darasani na kucha nyeusi. Msichana mmoja alisoma salamu za watoto redioni kila Jumamosi asubuhi, akawa anatembea uwanjani kama waziri. Walimu hawakukataa. Mkuu wa shule alikuwa na msemo kwamba cheti ni mguu mmoja na kazi ni mguu wa pili, na asiye na miguu miwili atachechemea. Kifungo na Twiga walijulikana kwa cherehani. Sketi yako ikitatuka unawaendea. Tofauti ni kwamba zamani watu walisema "nenda kwa kina Kifungo", na siku hizi walianza kusema "mpelekee Twiga".

Ndiyo maana Mwalimu Pazia alipokuja nyumbani, Kifungo alivuta kigoda chake karibu ili asikie.

Mwalimu Pazia alikuwa mwalimu wa maigizo. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu kila alipokasirika alipiga kelele, "Fungeni pazia!" hata kama mazoezi yalikuwa chini ya jua, bila pazia wala jukwaa. Alikuja na furushi amelikumbatia kifuani. Alipolifungua mezani, chumba chote kikawa kama kimewashwa taa. Ilikuwa mahameli nyekundu, ya kweli, ile nzito inayomeza vidole.

"Majoho ya mashindano ya shule," alisema. "Wazazi wamejinyima, Fundi. Hakuna nyingine. Muuzaji mwenyewe kaniapia kwamba ndiyo ya mwisho dukani."

"Tutaitunza," Fundi alisema, akiipapasa. "Mahameli ni kama paka, Mwalimu. Ukimpapasa anavyotaka, analala. Ukimpapasa kinyume, anasimamisha manyoya."

Akawaita wasichana wote wawili, akachukua mikono yao na kuipitisha juu ya kitambaa, kwenda na kurudi. Kwenda, kilikuwa laini na cheupecheupe. Kurudi, kilikwaruza kidogo na kuwa cheusicheusi. "Mmeona? Vipande vyote vya joho lazima manyoya yaangukie upande mmoja, kwenye pindo. Kipande kimoja kikigeuka, taa ikiwaka mtu anaonekana amevaa nguo mbili. Na ukigeuza kwa nyuma, mahameli haikuambii chochote, nyuma ni nyuma tu. Kwa hiyo tunachora mshale wa chaki. Chora mara moja, kata mara moja. Chaki ikishasema, mkasi haubishi."

Mwalimu alisikiliza kwa kuridhika. Kisha akashusha sauti. "Kuna jambo jingine. Jumba la maigizo la mji mkubwa linachukua wanafunzi likizo hii ndefu. Watafundishwa kazi za nyuma ya jukwaa, taa, mapambo, mavazi. Atakayefanya vizuri wanaweza kumshika moja kwa moja akimaliza shule. Shule yetu tumepata nafasi moja, na wanamtaka mtu wa mavazi. Nipe jina."

Kifungo alikuwa na vifungo vitatu mdomoni. Aliviacha palepale. Alimtazama mama yake na kusubiri, kama mtu anayejua kabisa kwamba namba yake itatajwa.

Fundi hakuinua hata kichwa. Alielekeza kidevu upande wa Twiga. "Huyu."

"Na huyu wako?" Mwalimu aliuliza kwa adabu.

"Huyu wangu atabaki na mimi. Ananisaidia vifungo."

Mwalimu akaandika kwenye simu yake. Twiga aliinama, machozi ya furaha yakimlengalenga, akasema, "Asante, mama." Kifungo akatema vifungo kiganjani, kimoja kimoja.

* * *

Wivu hauna kazi nyingine. Mtu akilala, unakesha. Wiki ile Kifungo aliona mambo ambayo zamani hayakuwa mambo. Aliona kwamba mama akiita bila kutaja jina, Twiga ndiye anayeitika. Aliona kwamba baba, aliporudi safari na kutania, "Leo nani kashona na nani kakodolea macho?" alimtazama nani wakati wa kusema kukodolea macho. Aliona Twiga akiimba wakati wa kufua. Alimchukia kwa kuimba.

Mambo yote yalitokea mchana mmoja wa jua kali, mlango umefunguliwa wazi. Fundi alikuwa ametoka kwenda kutafuta bitana. Twiga alikuwa amekwisha kukata vipande vyote vya mbele. Vya mgongo alikuwa amevichora kwa kufuata karatasi za kipimo, mfululizo mezani, nyuma ya kitambaa ikiwa juu, mabega yote yakitazama mlangoni. Alikuwa ameushika mkasi tayari mtoto mmoja wa shule alipofika akihema.

"Mwalimu anasema uje sasa hivi upime vichwa vya kofia. Waigizaji wote wapo. Wakitawanyika hawatapatikana tena."

Twiga alitundika mkasi. Akafunga kamba ya kupimia shingoni, na alipofika mlangoni akageuka.

"Kifungo, niangalizie hapo, paka asipande. Lakini usikate, sawa? Mama kasema nikate mimi."

Angesema lolote jingine, labda mambo yasingekuwa yalivyokuwa. Alisema neno hilo kwa wema, kama dada, na Kifungo alilipokea kama kofi. Usikate. Nyumbani kwao, mezani kwa mama yake, anaambiwa usikate.

Alikaa kidogo. Akasimama. Alichukua brashi ya nguo na kuipitisha juu ya mgongo wa kwanza, aone tu, na chaki ikatoka kama vumbi. Alijiambia kwamba atageuza mmoja. Joho moja likiharibika litatafutiwa dawa, ila mama ataona kwamba Twiga naye ni binadamu. Lakini mmoja uliogeuzwa peke yake ungeonekana, mabega upande wa ukuta na mengine upande wa mlango. Kwa hiyo akageuza yote. Alipangusa, akazipindua karatasi za kipimo kichwa chini miguu juu, akachora upya, akaweka mishale ikitazama kwenye pindo kama inavyotakiwa, ingawa manyoya yenyewe kule chini yalikuwa yakiangukia shingoni. Kisha akaizungusha mahameli nzima taratibu mpaka mabega yakarudi kutazama mlangoni, kama yalivyoachwa.

Alipomaliza mikono ilikuwa myeupe. Alikwenda kunawa, akanawa mara mbili, akarudi kwenye kigoda na vifungo vyake.

Twiga alirudi akicheka peke yake. "Yule anayeigiza mfalme ana kichwa kama ndoo! Nimepima mara mbili nikadhani kamba imeharibika." Akauchukua mkasi bila kuikagua chaki. Kifungo alitazama. Hata wakati ule angeweza kusema, "Ngoja." Akatunga uzi kwenye sindano. Mkasi ukaingia kwenye mahameli na kwenda, bila kusimama, mgongo baada ya mgongo. Twiga akawa anaimba.

* * *

Fundi aliunganisha joho la kwanza siku iliyofuata, akaligeuza na kulitundika mlangoni penye mwanga. Akarudi nyuma hatua kadhaa, kama kawaida yake, mikono kiunoni.

Mbele lilikuwa jekundu la kung'aa. Mgongo ulikuwa mweusi, kama mtu ameloa mvua akiwa amegeuka. Fundi alilipapasa. Akalipapasa tena. Alikwenda kwenye vipande vilivyobaki, akavigeuza kimoja kimoja haraka, na kila alipogeuza, mabega yake yalishuka.

"Mungu wangu," alisema. "Yote."

Bahati mbaya haiji peke yake. Kabla hajakaa, Mwalimu Pazia aliingia na waigizaji wawili kujaribisha. Yule mwenye kichwa kama ndoo alilivaa joho kwa mbwembwe, akazunguka, na mwenzake akaangua kicheko. "Mfalme kajikojolea mgongoni!"

"Fungeni pazia!" Mwalimu alifoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Alilishika joho kwa ncha za vidole. "Fundi. Hii nini?"

"Manyoya yamegeuka, Mwalimu."

"Yamegeuka yenyewe? Nimewaambia wazazi nimepeleka kwa fundi. Wanauliza kila siku. Sasa nikasimame mbele yao niseme nilipeleka kwa watoto wacheze?" Sauti ilisikika mpaka barabarani. Jirani aliyekuwa akipita alipunguza mwendo, akajifanya anafunga kiatu. "Nani alikata?"

Twiga alikuwa amesimama kando ya meza. Alisema, "Mimi," kwa sababu ni kweli. Lakini alikuwa amechukua kipande kimoja cha mgongo na kukigeuza, na sasa alikuwa akitazama chaki. Mistari yake yeye ilikuwa myembamba kama unywele. Hii ilikuwa minene, imekandamizwa. Aliinua macho yake polepole na kumtazama Kifungo. Hakukuwa na hasira machoni mle, bado, ni kutoelewa tu, na Kifungo alitamani ardhi ipasuke.

Fundi alikichukua kile kipande mkononi mwa Twiga. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari, kutoka begani mpaka kwenye pindo. Alikaa nacho muda mrefu kuliko kinavyohitaji kutazamwa. Kifungo alijua kwamba yamekwisha. Alijiandaa, akafumba macho.

"Aliyekata ni huyu," Fundi alisema. "Twiga. Nilimwamini mapema mno. Kosa ni langu."

"Mama?" Twiga alisema.

"Nyamaza. Mwalimu anaongea."

Na Twiga akanyamaza. Mtoto wa mwenye nyumba anaweza kubishana, akapiga mguu chini, akalia mpaka asikilizwe. Mtoto wa kulelewa ana uamuzi mmoja tu wa kufanya, nao ni kunyamaza vizuri au kunyamaza vibaya. Alinyamaza vizuri.

Mwalimu alivuta pumzi. Majoho, alisema, watayavaa hivyohivyo, waigizaji wasiigeuzie hadhira migongo. "Lakini lile jina siwezi kulipeleka. Nitakuwa nauza mbuzi kwenye gunia. Samahani, binti yangu." Akamgeukia Fundi. "Una mwingine?"

"Ninaye," Fundi alisema.

"Anajua kukata?"

"Atajifunza."

Simu ikatolewa, jina likafutwa, jina likaandikwa. Kifungo aliambiwa hongera na Mwalimu, akajibu asante. Nafasi aliyoililia ilikuwa mkononi mwake, na hakujua aishike wapi.

* * *

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba Twiga ataondolewa. Fundi alilisema wakati wa kuosha vyombo, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa: mjomba wao ana duka, anahitaji msaidizi, na kule kuna shule nzuri tu. Baba akirudi na lori atampeleka.

Baba alirudi, akasikia, na mara moja masihara yakamwisha.

"Mke wangu, mtoto hafukuzwi kwa kosa la kitambaa."

"Nani kamfukuza? Anakwenda kwa mjomba wake."

"Basi akae. Tumekaa naye miaka yote hii. Kakosea mara moja."

"Siwezi kukaa naye," Fundi alisema. Kifungo, aliyekuwa nyuma ya mlango, alisikia sauti ya mama yake ikikwama. "Usiniulize. Mpeleke tu."

Chumbani, Twiga alikuwa akikunja sare. Alikunja kila kitu sawasawa, kingo kwa kingo. Kifungo alikaa kitandani akingoja atukanwe. Alitaka hata kutemewa mate, waanze kupigana, wamalize. Twiga alifunga zipu ya begi.

"Kule watakupa mahameli siku ya kwanza," alisema, bila kumtazama. "Usikate kwa mshale ambao hukuuchora mwenyewe."

Akabeba begi lake. Kifungo alinyoosha mkono amsaidie, na Twiga akalihamishia upande wa pili. Nje, alimpa Fundi mkono kwa kupiga goti, kama anavyoagwa mwenyeji wa heshima, akapanda lori. Baba aliwasha gari bila kupiga honi. Siku zote alipiga honi.

Lori lilipopotea kwenye kona, Kifungo alirudi ndani. Fundi alikuwa jikoni, mgongo kwa mlango.

"Mama. Ni mimi niliyechora ile migongo."

"Najua."

Kifungo alifikiri hakusikia vizuri. "Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipoigusa chaki. Tangu darasa la kwanza unakandamiza chaki kama unachoma mhuri. Mimi ndiye niliyekushika mkono kukufundisha. Nitaacha kuujua?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

Fundi alifunika sufuria. "Niseme nini, mbele ya Mwalimu na wale watoto na jirani anayefunga kiatu? Mtu akikosea kazi watu wanasahau. Lakini mtu aliyeharibu kazi ya ndugu yake makusudi, nani atamkabidhi hata sindano? Ungelibeba jina hilo mpaka uzeeni. Mlikuwa wawili, ikabidi mmoja atumbukie shimoni. Nikamshika wangu."

"Na yeye je?"

"Yeye kaona chaki, na kaona nimeiona. Nitamtazamaje kila asubuhi akiniita mama?"

"Twende tukamrudishe. Nitamwambia Mwalimu. Nitasema mwenyewe."

"Ukishasema, yeye atanisamehe mimi?" Fundi alikaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza Kifungo aliona kwamba mama yake anazeeka. "Mdogo wangu aliniachia mtoto, na nimemtoa nikiwa na macho yangu mawili. Hilo si lako kulirudisha. Utakwenda huko likizo, na utajifunza, na mkono wako usinisimamesimame tena. Nafasi ile ina mtu ndani yake."

Kifungo alikuwa akilia sasa, kwa sauti, kama mtoto mdogo. Alitaka apigwe. Alisogea karibu kabisa, mahali ambapo mkono ungemfikia, akasubiri.

"Ulikuwa unataka kujua nampenda nani zaidi," Fundi alisema. "Umejua. Kaa ule."

Alikuwa amepika kama siku zote. Alimpakulia binti yake sahani, akasita, mwiko mkononi, akatazama kilichobaki kwenye sufuria. Kisha akamwongezea na fungu la Twiga. Akaketi mbele yake, mikono mezani, akamwangalia akila mpaka akamaliza.